Fereti kakutwa na Aleutian ila bado anaruka ruka: nimlaze?

SWALI: Daktari habari za kazi. Nina fereti wawili (wale wanyama wadogo warefu wa ukoo wa cheche), Shaba dume wa miaka mitatu na Unga jike wa miaka miwili, wanalala bembea moja. Kuna mtu nilitaka nimuachie Shaba nikisafiri, akasema kwanza wapimwe Aleutian, ule ugonjwa wa virusi, ndo ampokee. Unga hana kitu, Shaba kakutwa na kingamwili. Ila anakula, anaruka, hajakonda. Nimeambiwa bora alazwe, yani achomwe sindano afe bila maumivu, kabla hajamuambukiza mwenzie, ni kweli? Pili nina mbwa na hawa fereti hawajawahi kuchanjwa distempa, ule ugonjwa wa virusi unaopata mbwa pia, naweza kuwapa ile chanjo ya mbwa? Tatu nilishalipia mtoto wa fereti aje kuwa rafiki wa Unga, nimlete tu? Naomba nijibu, silali.

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole sana kwa kukesha. Jibu fupi nakupa hapa hapa mwanzoni upumue: usimlaze Shaba. Sio kwa karatasi hiyo moja, na sio wakati bado anakula na kuruka. Chanjo ya mbwa usimguse nayo kwanza mpaka usome nitakachokueleza, maana kuna ya mbwa inayofaa na kuna itakayomuua. Na huyo mtoto asiingie ndani kwa sasa. Naomba unisome mpaka mwisho kwa sababu hayo maswali yako matatu kumbe ni swali moja tu, yani virusi gani vishaingia nyumbani kwako na vipi bado unaweza kuvizuia mlangoni. Shaba anaweza akaishi miaka na hiki alichonacho, lakini akiongezewa cha pili hapo ndo mambo yanaharibika.

Tuanze na hiyo karatasi. Kipimo alichofanyiwa kinatafuta kingamwili, hakitafuti virusi vyenyewe. Kikisema chanya maana yake mwili wake ulishakutana na virusi vya Aleutian ukavitengenezea silaha, basi. Hakisemi alikutana navyo lini, hakisemi vimebaki kiasi gani, wala hakisemi kama vimeshaanza kuharibu figo. Kwenye fereti wenye kingamwili hizi wapo wanaokaa miaka bila dalili hata moja mpaka wanakufa kwa uzee au kwa kitu kingine kabisa, na wapo wanaokonda taratibu mpaka wanaisha. Kwa kuangalia neno chanya peke yake hakuna mtu wa kukwambia Shaba yuko upande gani, na mimi naona kumlaza mnyama mzima kwa neno hilo tu ni kumuonea.

Huo ushauri wa kulaza una asili yake, sio kwamba aliyekwambia ana roho mbaya. Umetoka kwenye mashamba ya minki. Minki ni ndugu wa fereti, ukoo mmoja na cheche, fisi maji na nyegere, na wanafugwa kwa ajili ya ngozi. Miaka ya 1940 huko Marekani wafugaji walipata minki wa rangi mpya, kijivu chenye ubluu kama chuma cha bunduki, wakaiita Aleutian kwa sababu iliwakumbusha mbweha wa visiwa vya Aleutian. Hao minki wakawa wanakonda, wanatoka damu mdomoni, wanakufa kwa wingi kuliko wenzao, ndo jina la rangi likahamia kwenye ugonjwa, na mwaka 1956 ukaelezwa rasmi kwa maandishi. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa kurithi wa hiyo rangi. Baadaye ikaonekana unaambukiza, minki wa rangi zote wanaupata, ila wale wa rangi ile chembe zao za kinga zina kasoro ya kuzaliwa kwa hiyo wanaenda haraka. Kisababishi ni pavo, familia moja na ile pavo ya mbwa lakini sio hiyo hiyo. Sasa shambani kwenye maelfu ya minki waliobanana, njia iliyofanya kazi ilikuwa kupima wote na kuua kila anayekutwa na kingamwili, tena na tena mpaka shamba lisafike. Kwa mfugaji wa ngozi hesabu hiyo inaeleweka. Wewe una wanyama wawili na unawajua kwa majina, hesabu yako ni nyingine.

Halafu kuna kitu cha ajabu kwenye huu ugonjwa ambacho ukikielewa utajua hata cha kupima. Virusi vyenyewe haviui sana. Kinachoua ni ile silaha. Kwa kawaida kingamwili ikinasa kirusi, ndo mwisho wa kirusi. Hapa sivyo, kingamwili zinavinasa lakini haviishi nguvu, na vikiwa vimenaswa hivyo hivyo vinamezwa na zile chembe zinazokula uchafu mwilini na humo ndani ndo vinapozaliana. Mwili ukiona bado vipo unaongeza kingamwili, vikizidi unaongeza tena, mpaka damu inajaa protini hizo zimeshikana na virusi kuwa vibonge vidogo vidogo. Vibonge vinaenda kuganda kwenye vichujio vya figo na kwenye kuta za mishipa midogo, pakiganda panawaka, figo inaanza kuchoka, ini linavimba, bandama nayo. Ndo maana mpaka leo hakuna chanjo ya Aleutian. Walijaribu kwa minki, waliochanjwa wakaumwa zaidi ya wasiochanjwa, na ukishaelewa hiyo njia hapo juu huhitaji kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo cha kupima sasa kwa Shaba ni zile protini. Mwambie daktari wako achukue damu apime protini jumla, na ipelekwe maabara kwa elektroforesisi, ambayo ni kuzitenganisha protini kwa umeme kisha zinachorwa kama mchoro wa milima. Kwa fereti mzima mlima mkubwa uko kushoto, ile albumini, halafu kulia kuna vilima vidogo. Fereti ambaye Aleutian imeamka kile kilima cha mwisho kulia, gamaglobulini, kinanyanyuka mpaka kinataka kumfikia albumini. Mara ya kwanza kuuona huo mchoro niliukodolea macho nikadhani wamekosea sampuli. Gamaglobulini zikipita asilimia 20 ya protini zote, mnyama ana kingamwili, na ana dalili, hapo mambo matatu yamekutana na mimi nitakubali kuita Aleutian. Likiwepo moja tu kama kwa Shaba, naita taarifa. Pamoja na hiyo waangalie figo, yani urea na kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, na kama maabara yenu ina PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, basi kinyesi na ute wa mdomoni vipimwe kuona kama anamwaga virusi sasa hivi. Akikutwa hamwagi usikimbilie kufurahi, virusi hivi vinatoka kwa vipindi, rudia.

Nikupe kisa kimoja kwa sababu ndicho kilichonifanya niwe mkali sana kwenye hili. Aliletwa kwangu fereti wa miaka minne, kabebwa kwenye taulo, miguu ya nyuma anaiburuta kama gunia, mate yanamtoka, macho yako mbali. Karatasi ya Aleutian chanya iko mkononi na mwenye mnyama alishakubali kwamba leo ni siku ya kulaza, kashaaga na watoto nyumbani. Kudhoofika miguu ya nyuma kweli ni dalili ya Aleutian, vitabu vyote vinasema. Nikachoma kidole cha mguu nikaweka tone kwenye kile kipimo cha sukari, ikasoma 41, wakati fereti mzima anatakiwa kuwa kama 90 mpaka 120. Nikampaka asali kidogo kwenye ufizi, nikasubiri. Baada ya dakika chache akainua kichwa, akaanza kunusa taulo, robo saa akawa anatembea mezani anatafuta pa kujificha. Alikuwa na uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini, ile inayoshusha sukari, ugonjwa wa kawaida mno kwa fereti wa umri huo, na una dawa za kumsogeza mbele. Kingamwili za Aleutian alikuwa nazo kweli, ila sizo zilizomwangusha siku ile. Kwa hiyo hata siku Shaba akianza kuburuta miguu usiseme ndo hiyo imefika, sukari ipimwe kwanza, ni tone moja tu la damu.

Sasa Unga. Hili ndo gumu na sitakudanganya. Virusi hivi vinatoka kwa mkojo, kinyesi, mate, damu, hata kwa hewa ya karibu, na hao wawili wamelala bembea moja siku zote. Inawezekana Unga alishakutana navyo vikashindwa kumshika, inawezekana Shaba hamwagi, inawezekana pia Unga amevipata juzi na kingamwili bado hazijatokea kwenye kipimo, maana zinachukua wiki kadhaa. Ningekuwa mimi ningewatenganisha leo, vyumba viwili, vyombo mbali mbali, unamhudumia Unga kwanza halafu Shaba, mikono unaosha na nguo unabadilisha, kisha Unga arudiwe kupimwa baada ya miezi miwili hadi mitatu na tena baada ya hapo. Akirudi hana mara zote mbili, wabaki mbali. Akikutwa naye ana kingamwili, warudishe pamoja siku hiyo hiyo, kuwatenganisha hakutakuwa na faida tena na fereti akikaa peke yake ananuna, anaacha kucheza, wengine wanaacha kula, hiyo nayo inamuumiza.

Usafi uwe wa makusudi, maana pavo ni virusi visivyo na koti la mafuta, sabuni peke yake havijali, na vinakaa kwenye mazingira muda mrefu sana. Toa uchafu wote kwanza kwa maji ya moto na sabuni, suuza, ndipo umwagie jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji, iache imelowa dakika kumi nzima kabla ya kusuuza. Watu wanapuliza na kufuta hapo hapo, hiyo ni kupoteza jiki. Na jiki juu ya kinyesi haifanyi kitu, uchafu unaimaliza nguvu. Bembea ya kitambaa waliyokuwa wanalala wote wawili itupe tu, usihangaike nayo. Suuza vizuri na acha pakauke kabisa kabla hajarudi, mapafu yao hayapendi ile harufu.

Nije kwenye distempa, na hapa ndo naomba umakini wako wote, kwa sababu Aleutian inaweza kumchukua Shaba miaka ijayo au isimchukue kabisa, lakini distempa ikiingia humo ndani utawazika wote wawili ndani ya mwezi. Kwa fereti asiye na chanjo distempa inaua karibu kila inayemshika. Sio kama mbwa ambao wengine wanapona. Ni virusi ndugu wa surua ya watu na wa sotoka ya ng'ombe, siku 7 hadi 10 baada ya kuambukizwa fereti anaanza homa, anakataa chakula, macho yanatoa matongotongo mazito asubuhi yamegandana, halafu unaona ukurutu kwenye kidevu na midomo, kisha tumboni na sehemu za siri, na nyayo zinakakamaa kama ngozi ya kiatu. Ile nyayo ngumu ukiibonyeza huisahau. Baadaye mishtuko na degedege, na hapo kwa kweli kulaza ndo huruma. Dawa ya kuvimaliza hivyo virusi hakuna.

Ile familia yote ya cheche iko hivyo kwa distempa na ushahidi mkubwa kuliko wote ni wale fereti wa porini wa Marekani, wenye miguu myeusi. Ilidhaniwa wameisha duniani, mwaka 1981 mbwa wa shamba moja karibu na Meeteetse jimbo la Wyoming akaleta mmoja nyumbani kwa mdomo, kafa, ndo ikajulikana kuna kundi limebaki. Mwaka 1985 distempa ikaingia kwenye kundi hilo. Ilibidi wakamatwe wote waliosalia, wa mwisho mwaka 1987, jumla wakapatikana 18 tu na wote waliopo leo wametokana na hao. Sasa sikiliza sehemu inayojibu swali lako: kabla ya hapo, miaka ya 1970 mwanzoni, walikamatwa fereti sita wa aina hiyo kutoka South Dakota ili wazalishwe, wakachanjwa distempa kwa chanjo ya virusi hai vilivyopunguzwa makali, chanjo ambayo fereti wa kufugwa walikuwa wameivumilia vizuri. Wanne kati ya sita wakafa. Na walikufa kwa distempa, ile iliyokuwa ndani ya chanjo.

Ndo maana nasema usichukue tu chanjo ya mbwa. Zile za mchanganyiko, sindano moja ina distempa na pavo na homa ya ini na vingine, achana nazo, Shaba na Unga hawahitaji hayo mengine na kila kitu unachoongeza kinaongeza uwezekano wa mzio. Na zile ambazo virusi vyake vilipunguzwa makali kwa kukuzwa kwenye chembe za mbwa au za fereti ziogope, vimezoea mwili unaofanana na wake vinaweza kuamka. Inayotakiwa ni ya fereti, na iliyo salama kuliko zote ni ile isiyo na kirusi kizima cha distempa ndani, wamechukua vipande vyake tu wakavipakia kwenye kirusi cha ndui ya ndege ambacho kwenye mwili wa mnyama hakizaliani. Hiyo haiwezi kusababisha distempa hata itake. Pale ambapo ya fereti haipatikani, madaktari wengine wanatumia ya mbwa ya distempa peke yake iliyokuzwa kwenye yai la kuku, mimi pia nimefanya hivyo, lakini ni uamuzi wa daktari mwenye kichupa mkononi anayesoma karatasi yake, usinunue ukachoma mwenyewe nyumbani.

Fereti wakubwa wasiowahi kuchanjwa kama hawa wako wanapata dozi mbili, wiki tatu katikati, halafu kila mwaka. Watoto ndo wanaanza wiki ya 8 wanarudia ya 11 na ya 14. Na baada ya sindano usiondoke kliniki kwa nusu saa angalau, wengine tunasema saa nzima, fereti wana tabia ya kupata mzio mkali wa chanjo: pua inakuwa nyekundu ghafla, manyoya ya mkia yanasimama kama brashi ya chupa, anatapika, anaharisha damu, anadondoka. Ikitokea kliniki kuna adrenalini na dripu, anarudi. Ikitokea kwenye gari hakuna kitu. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo apate, kuanzia umri wa miezi mitatu, ila siku tofauti na ya distempa, ili akidhurika mjue ni ipi.

Utaniuliza, sasa Shaba mwenye kingamwili zake kibao si chanjo itaamsha Aleutian? Ni swali la haki. Kwa maoni yangu, una mbwa anayetoka nje na kurudi, na distempa inaweza kuja kwenye viatu na nguo zako pia, hatari hiyo ni kubwa kuliko ile nyingine. Lakini nisingemchanja kabla ya matokeo ya elektroforesisi. Kama gamaglobulini ziko chini, achanjwe distempa peke yake akiwa mzima. Kama ziko juu na figo zimeshaguswa, muache, badala yake mzungushie ukuta: mbwa achanjwe bila kukosa, Unga achanjwe, wageni wenye mbwa wagonjwa wasikaribie. Unga hana mjadala, achanjwe haraka. Afadhali distempa yenyewe ina koti la mafuta, jua na sabuni vinaimaliza upesi, hapo tumepata nafuu moja.

Kuhusu huyo mtoto uliyemlipia. Najua uchungu wa hela na najua unamuonea huruma Unga, lakini fikiria pande zote mbili. Upande wa mtoto, unamleta kwenye nyumba yenye Aleutian kabla hujajua nani anamwaga. Upande wa wakubwa, mtoto wa fereti anaweza akaja mzima kabisa, anacheza, anang'aa, na kabeba korona ya utumbo. Sio korona ile ya watu, ni ya fereti wenyewe. Ilitambuliwa mwaka 1993 kwenye majimbo ya mashariki ya Marekani na stori ilikuwa ile ile kila nyumba, kaletwa mtoto mpya, siku mbili tatu baadaye wakubwa wote wanaharisha ute wa kijani kibichi mpaka wafugaji wakaupa jina la ute wa kijani. Karibu wote ndani ya nyumba wanaupata. Wanaokufa ni wachache, chini ya asilimia 5, lakini hao wachache ndo wazee na wenye ugonjwa mwingine ndani, yani akina Shaba. Baada ya ule ute kupungua kinyesi kinakuwa chembe chembe kama mtama maana utumbo haunyonyi chakula, na mnyama anaweza kukonda miezi. Aliyepona anaendelea kumwaga virusi hata nusu mwaka. Kuna na ndugu yake mbaya zaidi, korona inayosambaa mwilini, hiyo inawapata vijana wa chini ya mwaka na nusu, inaota vinundu tumboni kama ule ugonjwa wa korona wa paka, ilionekana kwanza Hispania miaka ya 2000 na huwa haina mwisho mzuri.

Kwa hiyo ongea na aliyekuuzia akukalie naye, au akurudishie. Akikataa kabisa, mtoto akae chumba kingine, sio tundu lingine, chumba kingine, mwezi mzima, apimwe Aleutian na achanjwe dozi zake, na hata baada ya huo mwezi mimi nitakuwa na wasiwasi wa korona. Unga kampani yake kwa sasa ni wewe.

Na wewe mwenyewe ni hatari kwao, hili watu wengi hawalijui. Fereti anashikwa na mafua ya influenza ya binadamu vizuri kabisa, njia zake za hewa zinafanana na zetu. Mwaka 1933 ndo ilivyogunduliwa kirusi cha influenza ya watu, huko Uingereza, waliwawekea fereti maji ya kusukutulia koo ya mgonjwa puani wakaumwa. Miaka michache baadaye fereti mgonjwa kwenye maabara hiyo hiyo akampigia chafya usoni mtafiti Charles Stuart-Harris, siku mbili mtafiti yuko kitandani na kirusi kikapatikana kooni kwake. Yani inaenda na kurudi. Mzima anapona kwa wiki moja au mbili, mwenye figo mbovu sina uhakika wa kukupa. Ukiwa na mafua vaa barakoa au mwingine awahudumie. Na chonde chonde usimpe panado wala ibuprofeni, ibuprofeni kidonge kimoja kinatosha kumuua. Korona ya watu pia wanaishika, uliona Denmark Novemba 2020 serikali ilivyoamuru minki wote wa mashambani wauawe, mamilioni. Na nyama mbichi ya kuku au ndege isimamishe, chemsha, homa ya mafua ya ndege H5N1 inaingia vizuri kwa ukoo huu, Oktoba 2022 ilipita kwenye shamba la minki Galicia, Hispania, zaidi ya 50,000 wakaondolewa.

Basi, cha kufanya kwa Shaba kila wiki ni mzani. Tumia ule mdogo wa jikoni, muweke kwenye bakuli, siku ile ile, saa ile ile kabla hajala, andika tarehe na gramu. Mwendo wa uzito ndo utakaokwambia mapema kuliko macho yako, maana wewe unamuona kila siku hutagundua. Ila ujue fereti wananenepa majira ya mchana mfupi na kupungua mchana ukirefuka, wengine hata theluthi ya uzito, kwa hiyo linganisha na Unga: wote wakipungua pamoja ni majira, Shaba akipungua peke yake wiki tatu mfululizo nipigie. Nipigie siku hiyo hiyo ukiona kinyesi cheusi cha kunata kama lami, ufizi umekuwa mweupe, anakunywa maji kuliko kawaida, au miguu ya nyuma imelegea, na hiyo ya mwisho mpake asali ufizini kabla hata hujashika simu. Elektroforesisi ikija na gamaglobulini juu bado tuna la kufanya, kuna prednisoloni ya kutuliza ile kinga inayowaka, dripu na chakula cha kusaidia figo, sio kupona lakini ni miezi mizuri.

Anza na mzani leo jioni. Matokeo ya maabara yakitoka nitumie picha ya ule mchoro wenyewe pamoja na namba zake, usinitumie lile neno chanya tu.